Kitabu Ndani ya Kompyuta: Namna Mifumo ya Taarifa Iliyotangulia Inavyoiunda Mifumo Mipya, kwa Mfano wa Rejesta za Afya na Mandewa, Singida

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna mfumo wa taarifa uliokwisha kuzoeleka unavyouwekea mipaka mfumo mpya unaokusudiwa kuurithi. Mfano mkuu ni MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini Tanzania, na safari yake kutoka katika vitabu vya karatasi hadi katika kompyuta. Makala yanadai kwamba kinachorithiwa si safu na mistari ya fomu tu. Hurithiwa pia lugha yake: istilahi, ngeli za nomino, na tahajia ya majina ya watu. Kata ya Mandewa, katika Manispaa ya Singida, inatumika kuonyesha namna urithi huo unavyomfikia mtu mmoja mwenye jina na makazi.

1.0 UTANGULIZI

Mtu anapoletewa kompyuta mpya hukuta herufi za kibao chake zimepangwa kwa utaratibu uleule wa mashine za kupigia chapa za miaka ya 1870. Vile vyuma vilivyokuwa vikiinuka na kugonga utepe wa wino havipo tena, lakini mpangilio umebaki. Mwanauchumi Paul David aliuchambua mfano huu mwaka 1985, na tangu hapo umekuwa ukitajwa kila panapozungumzwa juu ya nguvu ya mambo yaliyotangulia. Ni mfano mzuri, ila una kasoro moja: unahusu kifaa. Mfumo wa taarifa ni zaidi ya kifaa. Ndani yake mna watu waliofunzwa kuujaza, ofisi zinazoungoja kila mwezi, kabati zilizotengenezwa kwa kipimo cha vitabu vyake, na maneno ambayo watu hao hawawezi kufanya kazi yao bila ya kuyatamka.

Wataalamu wa mifumo wamelieleza jambo hili kwa upana. Susan Leigh Star na Karen Ruhleder (1996) walionyesha kwamba miundombinu haianzi patupu. Huota juu ya ile iliyopo na kurithi nguvu na udhaifu wake. Ole Hanseth na Eric Monteiro, wa Norway, walilifanya wazo hilo kuwa kiini cha nadharia yao. Geoffrey Bowker na Star (1999) walikwenda hatua moja mbele na kuchunguza uainishaji wenyewe: nani huamua orodha ya magonjwa, na ugonjwa usiokuwamo katika orodha huenda wapi. Hata hivyo wanaisimu hawajaligusa sana suala hili, ingawa fomu ni matini kama matini nyingine. Ina sarufi yake, ina msamiati wake, na ina msomaji inayemkusudia.

Dhana yenyewe inahitaji jina la Kiswahili. Katika makala haya itaitwa "msingi tangulizi". Neno "msingi" pekee lingetosha kwa mjenzi wa nyumba, kwani msingi wa nyumba huwekwa kwa ajili ya nyumba ile. Lakini msingi unaozungumziwa hapa uliwekwa kwa ajili ya nyumba nyingine, na mjenzi wa sasa ameukuta. Kivumishi "tangulizi" ndicho kinachobeba tofauti hiyo.

2.0 MTUHA NA JINA LAKE

MTUHA ni kifupi cha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ulianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuenea nchini kote kabla ya muongo huo kwisha. Kabla yake kila huduma ilikuwa na karatasi zake na mkubwa wake wa kumpelekea taarifa: huduma za mama na mtoto, chanjo, kifua kikuu na ukoma. MTUHA ulikusudiwa kuziunganisha. Ukiutazama kwa karibu utaona kwamba uliziunganisha kwa kuzipanga kando kwa kando katika mfululizo wa vitabu vyenye namba. Wajawazito wana Kitabu cha 6, watoto Kitabu cha 7, na uzazi wa mpango Kitabu cha 8. Mgawanyo huo ni ule wa kliniki ya mama na mtoto iliyokuwapo kabla ya MTUHA. Programu ya Kifua Kikuu na Ukoma, iliyoanzishwa mwaka 1977, iliendelea na rejesta zake yenyewe. Kwa hiyo hata huu mfumo unaoitwa leo wa zamani ulipozaliwa ulikuta msingi tangulizi wake.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Waliounda jina hilo walikuwa na maneno mawili ya kuchagua, "habari" na "taarifa". Sera ya Taifa ya mwaka 2003 kuhusu teknolojia hizi ilichagua "habari", ndipo likapatikana neno TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. MTUHA ulichagua "taarifa". Katika matumizi ya ofisini, taarifa ni kile kitolewacho na mdogo kwenda kwa mkubwa: taarifa ya mwezi, taarifa ya mwaka, taarifa ya tukio. Habari zaweza kwenda upande wowote. Taarifa aghalabu hupanda. Si kwamba neno ndilo lililouumba mfumo, lakini neno na mfumo vilifaana mno. Zahanati hujaza, halmashauri hujumlisha, mkoa hupokea, wizara huhifadhi. Anayejaza mara chache huletewa kitu cha kusoma.

Aidha, kifupi hicho kimekwisha kuwa nomino ya kawaida. Wafanyakazi wa afya husema "MTUHA zetu" wakimaanisha vitabu, na "kujaza MTUHA" wakimaanisha kazi. Jina la mfumo limehamia kwenye kitu kinachoshikika, na hilo si jambo dogo: kompyuta zilipokuja, swali la kawaida halikuwa mfumo utabadilika namna gani, bali MTUHA itaingizwaje katika kompyuta.

3.0 KUTOKA KITABU HADI SKRINI

Programu iliyochaguliwa ni DHIS2. Asili yake ni Afrika Kusini, ambako baada ya mwaka 1994 palihitajika kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa na siasa ya ubaguzi wa rangi. Chuo Kikuu cha Oslo kiliiendeleza hadi ikawa programu ya kutumika kwa njia ya intaneti. Tanzania, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliieneza katika mikoa yote ya Bara kufikia mwaka 2013. Programu hiyo imejengwa juu ya idadi: kwa kila kituo, kwa kila kipindi, kuna tarakimu fulani ya jambo fulani. Namna ya kumfuatilia mtu mmoja mmoja iliongezwa baadaye, juu ya kile kilichokwisha kuwapo. Hivyo basi misingi tangulizi miwili ilikutana, wa Afrika Kusini na wa MTUHA, nayo ilikubaliana kwa kuwa yote miwili ilihesabu.

DHIS2 humruhusu mtengenezaji kuipanga skrini ifanane na karatasi, mstari kwa mstari. Ndivyo ilivyofanyika. Sababu zake ni za maana, na hazifai kudharauliwa. Aingizaye takwimu huwa na fomu ya karatasi mkono wa kushoto. Ikiwa mstari wa kumi wa karatasi si mstari wa kumi wa skrini, makosa ni lazima. Tena gharama ya kuwafunza upya wafanyakazi wa nchi nzima ingeumeza mradi kabla haujaanza. Ufanano huo ndio ulioufanya mfumo mpya ukubalike. Ndio pia uliouzuia kuuliza maswali ambayo kitabu hakikuwa kimeyauliza.

3.1 Watu na matukio

Fomu ya wagonjwa wa nje inatoa mfano wa kisarufi ambao mwanaisimu hawezi kuupita. Juu ya fomu pana mistari kadhaa inayohusiana. Mmoja huhesabu "mahudhurio", mwingine "waliohudhuria kwa mara ya kwanza mwaka huu", na mwingine tena "mahudhurio ya marudio". Istilahi ya kwanza na ya tatu ni nomino ya ngeli ya YA-, inayotaja tukio. Ya pili ni kishazi rejeshi chenye kiambishi wa- cha ngeli ya A-WA, kinachotaja watu. Mistari hii hujumlishwa, watu kwa matukio, na hesabu hutoka sawasawa. Hutoka sawasawa kwa kuwa mtu anayehudhuria kwa mara ya kwanza huleta tukio moja tu la mara ya kwanza. Idadi ya watu na idadi ya matukio hugongana katika mstari huo mmoja. Aliyeandika fomu alikuwa na hakika kwamba hakuna atakayekosea, na katika zahanati moja hakika yake ni sahihi.

Ugumu unaanza pale vituo vinapokuwa viwili. Chukulia mama mkazi wa Mandewa aendaye zahanati siku ya Jumatatu kwa homa, kisha siku ya Alhamisi akapelekwa hospitali. Mandewa ndipo yalipojengwa majengo mapya ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, kwa hiyo mfano huu si wa kubuniwa kwa mbali. Kitabu cha zahanati hakimjui mtu aliyeandikwa katika kitabu cha hospitali. Kila kimoja humwandika kuwa amehudhuria kwa mara ya kwanza mwaka huu, na kila kimoja husema kweli. Takwimu zikifika ngazi ya halmashauri na kujumlishwa, mama mmoja amekuwa watu wawili. Kiambishi wa- kilichokuwa kweli kituoni kimekuwa si kweli ngazi ya juu, wala hakuna aliyedanganya.

Kitabu cha karatasi kina udhuru, kwani hakiwezi kuzungumza na kitabu kingine. Kompyuta ingeweza. Lakini kilichopandishwa katika kompyuta ni jumla ya mwezi. Jina limebaki kabatini. Urithi umefanyika kwa kiwango cha mstari wa mwisho wa ukurasa, si kwa kiwango cha mgonjwa. Hapa ndipo msingi tangulizi unapodai malipo yake, na anayelipa ni yule anayepanga idadi ya dawa kwa kufuata idadi ya watu ambayo kwa hakika ni idadi ya vituo walivyopitia.

Inafaa kulinganisha na huduma za tiba ya VVU, zilizoanza kuenezwa mwaka 2004. Hizo hazikupitia njia ya MTUHA. Tiba yake ni ya maisha yote, hivyo tangu mwanzo palihitajika kadi ya mtu mmoja, ijulikanayo kama CTC2, yenye namba yake na mfululizo wa tarehe zake. Mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya kadi hiyo ulirithi mtu. Teknolojia ni ya zama zilezile, nchi ni ileile, na mara nyingi jengo ni lilelile. Kilichotofautiana ni karatasi iliyotangulia. Ulinganisho huu una uzito kuliko nadharia nyingi, kwa kuwa unamnyima mtu nafasi ya kusema kwamba lawama ni ya uchache wa kompyuta.

3.2 Mwaka wa kitabu na mistari ya umri

Maneno "mwaka huu" yana historia yake. Mwaka unaokusudiwa ni mwaka wa kalenda, ambao Januari mosi huanza upya. Mgonjwa wa kisukari aliyehudhuria Desemba na kurudi Januari huwa wa mara ya kwanza tena. Kwa kitabu kinachofungwa mwisho wa mwaka na kuwekwa kabatini, mpaka huo una mantiki. Mashine isiyofunga ukurasa haiuhitaji, lakini imeupokea.

Hali kadhalika umri. Fomu huugawa umri katika makundi: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na miaka 60 na kuendelea. Kundi la nne linamweka mtoto wa darasa la kwanza pamoja na bibi yake wa miaka 59. Mpangilio huu unatokana na kipaumbele cha haki kabisa, yaani vifo vya watoto wachanga na wadogo. Lakini kijana wa miaka 15 hawezi kutolewa tena ndani ya jumla hiyo. Katika kitabu umri wake umeandikwa, miaka 15 kamili; katika karatasi ya kuhesabia umegeuka kuwa kijiti kimoja miongoni mwa vijiti; katika skrini haupo.

4.0 MAHALI: KUTOKA NYUMBA KUMI HADI POSTIKODI

Rejesta ya wajawazito huuliza mama anakaa wapi. Haimuulizi kwa namna barua zinavyouliza. Huuliza kijiji, mtaa au kitongoji, pamoja na jina la mwenyekiti wake. Mtu, si namba, ndiye anwani. Utaratibu huo una mizizi katika mfumo wa nyumba kumi kumi ulioanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, ambapo kila balozi aliwajua wakazi wake kwa sura. Ni mfumo wa taarifa kamili, ingawa haukuwa na karatasi nyingi: una hifadhi (kumbukumbu ya balozi), una njia ya kuuliza (kubisha hodi), na una uthibitisho (barua ya utambulisho yenye mhuri).

Mifumo iliyofuata haikuuondoa. Mwombaji wa kitambulisho cha taifa hutakiwa kuthibitishwa na serikali ya mtaa au kijiji chake, yaani palepale. Kisha kitambulisho chenyewe kikawa msingi wa mwingine: tangu Mei 2019 laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya utambulisho, na mwanzoni mwa mwaka 2020 laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa. Mkazi wa Mandewa ambaye barua yake ya mtaa ilichelewa alijikuta hana simu. Kwa sura ya nje huo ni mfumo wa alama za vidole. Ukiufuata hadi chini utamkuta mwenyekiti na mhuri wake.

Namba hiyo ya utambulisho ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na tano zinazofuata ni postikodi. Postikodi nayo imeundwa kwa ngazi za utawala: tarakimu ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Mkoa wa Singida huanza na 43. Kwa hiyo ramani ya utawala, ambayo hubadilika, imewekwa ndani ya namba ambayo haibadiliki. Mwaka 2012 ziliongezwa wilaya za Ikungi na Mkalama katika mkoa huo, na yeyote anayepanga namba kwa tarakimu moja ya wilaya anajua kwamba nafasi ni kumi tu. Wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti mwaka huo, barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Kata na postikodi yake vikabaki kuwa kiini cha anwani. Neno "mtaa" ndilo lililopata taabu. Kwa sheria ya serikali za mitaa, mtaa ni eneo lenye mwenyekiti. Kwa mwenye kusoma bango la barabarani, mtaa ni njia. Mtu akiulizwa "mtaa gani?" hana budi kubahatisha ni mfumo upi unaomuuliza.

5.0 TAHAJIA YA MAJINA

Limebaki jambo ambalo wataalamu wa kompyuta hulihesabu kuwa dogo. Mfumo wowote utakaotaka kumpata mtu mmoja katika vitabu viwili utaanza kwa kulinganisha jina. Wenyeji wengi wa Singida ni Wanyaturu, na Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, huihifadhi irabu ya kiambishi mu- pale Kiswahili sanifu kinapoidondosha. Kwa hiyo kata jirani huandikwa Mughanga mahali pamoja na Mghanga mahali pengine. Jina la Anna Mghwira (1959–2021), mzaliwa wa Singida aliyegombea urais mwaka 2015, lilizoeleka katika umbo lisilo na irabu hiyo. Pamoja na irabu kuna konsonanti. Karani asiyeijua lugha huisikia gh na kuandika g. Jina moja lenye mu- na gh mwanzoni laweza basi kuwa na maumbo manne, na yote manne yakawa ni kazi ya mikono iliyojitahidi.

Kila umbo limetoka katika mfumo wake. Cheti cha ubatizo kiliandikwa na katekista mzaliwa wa hapo. Daftari la shule liliandikwa na mwalimu aliyetoka mkoa mwingine. Kadi ya kliniki iliandikwa na muuguzi mwenye foleni ya akina mama thelathini. Maumbo hayo yaliishi pamoja bila kugombana, kwa sababu msomaji alikuwa binadamu, naye alisoma Mughanga na Mghanga kama jina moja bila hata kutambua kwamba amefanya kazi ya kifonolojia. Mashine haifanyi kazi hiyo isipofundishwa. Huona watu wawili, au humwambia mwenye jina kwamba taarifa zake hazilingani na za kitambulisho chake, naye hurudishwa mtaani kwa mwenyekiti akalete barua.

Suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni kusanifisha: jina lichukuliwe kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa, basi. Pendekezo hilo linampa ushindi karani wa mwisho. Linasahau kwamba tahajia ya kitambulisho nayo ilinakiliwa kutoka katika cheti fulani, na cheti kutoka katika kitabu fulani. Njia ya pili ni kanuni ya ulinganishi inayojua sarufi: mu- na m- mbele ya konsonanti zihesabiwe kuwa kitu kimoja, vivyo hivyo gh na g, kisha mtumiaji aulizwe kabla ya kuamuliwa. Kanuni kama hizo ni chache kwa kila lugha, na wanaozijua wamo katika idara za lugha, si katika idara za kompyuta. Njia ya tatu ni nyepesi zaidi, nayo ni kuongeza katika rejesta ya wajawazito safu moja ya "jina kama linavyoandikwa kwingine". Safu hiyo haigharimu chochote katika kompyuta. Katika karatasi inagharimu upana wa sentimita tatu hivi, na ukurasa wa rejesta ya wajawazito umekwisha kujaa.